Hatufuti Mtu

Nianze na mpira. Ulikuwa mpira mwekundu, mdogo kama limau, ambao mama wa mazoezi ya viungo, kutoka hospitali, alimwachia Baba siku ya kwanza alipokuja nyumbani. "Mzee, ubinye huu mara hamsini asubuhi, hamsini mchana, hamsini jioni," alimwambia. Halafu akanivuta ukumbini akaniambia bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mkono wa kulia uliopooza kwa kiharusi utarudi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, au hautarudi tena. Miezi mitatu, basi, na mmoja ulikuwa umeshaishia hospitalini.

Na Baba bila ule mkono ni nani? Miaka thelathini na kitu amechonga picha kwenye vibao vya mbao, akavipaka wino, akachapa kadi. Kadi za harusi, za pole, za mtoto mchanga. Ukipitisha kidole juu yake unausikia wino. Mimi ni kitinda mimba wake, nimemsaidia kuchapa tangu sijafika kimo cha meza, lakini kuchonga sijui. Nimejaribu. Ndege wangu alitoka kama kiatu, na Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Aliubinya ule mpira siku nne. Siku ya tano akauachia ukabingirika uvunguni. Nilipouokota aliniuliza, maneno yakimtoka moja moja, "Nichonge... nimchongee nani?"

Hasira zikanipanda. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. "Una wateja mia sita na kumi na moja, mzee! Au wamekufa wote?"

"Waandikie," akasema. "Wakisema, nitabinya."

Nikamwambia haya, tumekubaliana. Laiti ningeufunga mdomo wangu.

Inabidi mjue alivyokuwa akiuza. Kila asubuhi kabla ya chai, Baba aliandika barua pepe kumi, mtu mmoja mmoja, kwa kidole kimoja. Huyu anamuuliza habari za goti, yule anampongeza kwa mjukuu, na mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni, anataja kadi mpya. Tovuti tulikuwa nayo, kaka yangu aliitengeneza, ina picha na kila kitu. Lakini hakuna aliyenunua kwa sababu ya tovuti. Watu walinunua kwa sababu mzee aliwauliza habari za goti.

Anwani zao zilikuwa kwenye daftari la jalada jeusi. Majina hakuna. Kuna Dokta wa Meno, Bwana Haraka, Shangazi wa Pacha, Mama wa Ndege, Fundi Asiyecheka. Na ulipekue daftari zima, hutaona mstari hata mmoja uliokatwa. Barua ikirudi kwamba anwani haipo, Baba anatikisa kichwa na kusema, "Leo hayupo," na baada ya miezi miwili anamwandikia tena.

Alikuwa na sababu. Zamani, nikiwa bado shuleni, mteja wake mmoja alifariki na Baba asijue. Akaendelea kumwandikia mwaka mzima. Siku moja mtoto wa yule mama akajibu: mama ametutoka, ila barua zako tunazisoma pamoja nyumbani, tafadhali usiache. Baba alilia hadharani, mbele ya wateja. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba: hatufuti mtu. Mimi kisa hicho nilikipata kwa kusimuliwa, kila mara ni "yule mama", "yule mama", na sikuuliza zaidi.

Sasa mimi sina subira ya barua kumi kwa siku. Nina kuchapa, kupika, kumgeuza mgonjwa na kubishana na dawa zake. Nikaandika barua moja, kwamba Baba aliugua na je, bado mnataka kadi zake, nikaweka anwani zote kwa mpigo kwenye barua pepe yetu ya kawaida, nikatuma. Ikakataa. Nikaambiwa nimetuma kwa watu wengi mno, nisubiri hadi kesho. Ndipo nikamwita kaka.

Kaka yangu tunamwita Profesa. Hana digrii, ana kibanda cha kutengeneza simu, lakini tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui". Alikuja na kompyuta yake, akasogeza vibao vya Baba pembeni kama anasogeza vyombo vichafu, akafungua kurasa tatu.

"Kuna kampuni kazi yao ni hii tu," akasema. "Unawapa orodha, unaandika barua mara moja, wanamtumia kila mtu, wanakuonyesha nani kafungua na nani kaipuuza. Chagua moja. Huyu hapa ni bure."

"Bure kabisa?"

"Mwisho watu mia tano."

"Sisi tuna mia sita na kumi na moja."

"Si ufute mia na kumi na moja, dada yangu! Nusu ya hao hata hawakumbuki kama wanakujua."

Mlango ulikuwa wazi na Baba alikuwa kwenye kiti chake hatua tatu kutoka pale. Aliinua ule mkono wake wa kushoto, mzima, akautikisa polepole. Profesa akatazama dari.

Basi yule wa bure akatoka. Wa pili alikuwa wa maua: barua zake zina fremu, rangi, vitufe vinavyometameta. Nikajaribu kuandika habari za goti la mtu ndani ya fremu ya waridi, nikaona aibu. Wa tatu alikuwa mkavu. Ukurasa mweupe, maneno tu, kama barua za Baba zenyewe. Majaribio ya bure mwezi mzima, hadi watu elfu moja. Sifa yake kubwa ilikuwa moja: barua zake zinafika. Haziishii kwenye folda ya taka, kwa sababu, ndivyo walivyojisifu, wao ni wakali na hawavumilii uchafu.

"Huyo mkali atakusumbua," Profesa akasema.

"Ukali nimezaliwa nao," nikamjibu. "Tutaelewana."

Mnadhani nilijiunga siku hiyo? Wapi! Wiki tatu nzima nilikaa nalinganisha. Nilisoma maoni ya watu nisiowajua, nikabadilisha ukubwa wa herufi, nikaandika barua na kuifuta. Niliogopa kukosea. Mpira ulikuwa kwenye kisahani kando ya kitanda na Baba aliutazama tu. Kila asubuhi nikimpelekea uji aliuliza neno moja. "Wamesema?"

"Bado sijatuma, Baba. Nachagua."

Mama wa mazoezi alikuja, akavinyoosha vile vidole kimoja kimoja, vikajikunja tena. Aliniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye. Nilielewa, na nilimchukia kidogo kwa kunielewesha.

Nikamchagua mkavu. Siku mbili nzima niliingiza anwani kutoka kwenye daftari. Kabla ya kutuma, ukurasa ukaniuliza: je, unathibitisha kwamba anwani hizi zote zinatumika na wenyewe bado wanataka kupokea barua zako? Kando yake kisanduku kidogo cha kuweka alama, na chini yake onyo kwa herufi ndogo: kama orodha ni ya zamani, isafishe kwanza.

Nilijua. Msinitetee. Nilijua humo ndani kuna waliokufa, waliohama, waliobadilisha anwani. Sikujua ni wangapi wala ni akina nani, na aliyejua alikuwa amekaa nyuma yangu, nimemvalisha shati safi kwa ajili ya shughuli hiyo. Ningegeuka nimwambie, Baba, hebu tuanze kufuta? Niliweka alama kwenye kisanduku.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikabofya. Namba zikaanza kupanda, na Profesa akazisoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Mia zimetumwa. Mia tatu. Mia sita na kumi na moja, zote! Baba akachukua mpira kwenye kisahani kwa mkono wa kushoto, akajiwekea kwenye kiganja cha kulia. Nilimwona. Moyo wangu ulijaa mpaka nikaona aibu.

Kisha namba nyingine ikatokea, nyekundu. Zilizorudi: kumi na mbili. Arobaini. Tisini na sita. Profesa akaacha kutangaza. Ilipofika mia na sabini na nne ukurasa wote ukageuka, likabaki sanduku moja la kijivu katikati. Akaunti yako imesimamishwa kwa kukiuka masharti ya usafi wa orodha.

"Wamesema?" Baba akauliza.

"Subiri, Baba. Mtandao unasuasua."

Niliwaandikia wale watu. Nikawaeleza habari za mkono, za mpira, za miezi mitatu, nikajidhalilisha kabisa. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: tunaelewa hali yako, uamuzi ni wa mwisho. Nikakimbilia kwa yule wa bure, nikiwa tayari sasa kufuta mia mbili kama wanataka. Akanikataa, anwani yetu ilikuwa imeshachafuka, inahesabiwa ya watuma takataka. Wa maua naye akanikataa kwa maneno yaleyale. Nikasema basi, nitarudi kwenye njia ya Baba, barua kumi kila asubuhi, kidole kimoja. Nikawaandikia kumi wa kwanza. Kimya. Kumi wengine. Kimya. Profesa akafungua simu yake akanionyesha: barua niliyomtumia yeye mwenyewe, ya kujaribu, ilikuwa imelala kwenye folda ya taka pamoja na matangazo ya dawa za nguvu za kiume.

"Miezi sita hivi, labda itasafishika," akasema. Halafu, kwa mara ya kwanza maishani mwake: "Sijui."

Miezi sita! Sisi tulikuwa tumebakiwa na wiki mbili.

Siku ile nilifanya nilichofanya. Nilikaa kwenye meza ya kuchongea, nikafungua daftari jeusi, nikatafuta mtu. Nilimtaka mtu ambaye Baba anampenda. Wengi walikuwa na neno moja au mawili pembeni ya anwani, lakini Mama wa Ndege alijaza karibu nusu ukurasa kwa mwandiko wa Baba: anapenda korongo, hapendi bundi, anacheka sana, mwanawe mkubwa ni fundi umeme. Nikaona huyu ndiye. Nikaandika jibu lake kwenye karatasi, kana kwamba nimelinakili kutoka kwenye kompyuta. Kuandika uongo kumbe ni rahisi kuliko kuchagua herufi. Nilimaliza kwa dakika kumi.

Nikaenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda. "Baba, wamesema."

Macho yake yalifunguka, wallahi, kama ya mtoto.

Nikamsomea. Mzee wangu, nimefurahi kuipata barua yako, nimesikia uliugua, pole sana. Nyumba yangu imepooza bila kadi zako. Usiharakishe, lakini mkono ukipona nichongee korongo, nataka kadi ishirini, na safari hii awe anaruka. Nilisoma polepole, na nikisoma nilisikia kitu, nikapeleka jicho pembeni. Alikuwa anabinya. Vidole vilikuwa vinatetemeka, cha shahada kimeng'ang'ania, kidole gumba kinazama kwenye mpira. Mara moja. Mara mbili. Nilirudia sentensi ili tu nisifike mwisho. Alifika mara kumi na moja, nilihesabu.

"Nani?" akauliza huku akihema.

"Mama wa Ndege," nikasema kwa furaha zangu zote.

Vidole vikaacha.

Hakukasirika. Ningeomba akasirike. Alitazama dirishani, kisha akanirudia mimi. Akaanza kutafuta maneno na mimi nikangoja, kijinga, nikidhani anatafuta la kumjibu.

"Mwanawe," akasema. "Fundi umeme. Ndiye... aliniandikia."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikaikunja ile karatasi. Yule mama. Miaka yote ile ya "yule mama", na mimi sikuwahi kumuuliza ni yupi kwenye daftari.

"Baba, nisamehe. Nilitaka tu—"

Akatikisa kichwa. Akaniuliza swali moja, na hakutafuta maneno yake safari hii, yalikuwa tayari. "Hakuna hata mmoja?"

Ningeweza kumweleza habari za folda ya taka, kwamba pengine wapo, pengine wanasubiri, hawajatuona tu. Uongo mwingine haukunijia.

"Hakuna, Baba."

Akautoa mpira kwenye kiganja cha kulia kwa mkono wake wa kushoto. Akauweka mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, kama mama wa mazoezi alivyokuwa akimfanyia yeye.

"Pole, mwanangu," akasema. "Umechoka."

Akageukia ukutani akalala. Mama wa mazoezi alipokuja wiki iliyofuata alimkuta hivyohivyo, ameugeukia ukuta, na aliniuliza mimi mpira uko wapi.