Paa la Msimamizi wa Moto

"Shemeji Hemedi, siku upepo ukikugeukia wewe, nani atavuta paa lako?"

Amisa, jirani yake, alimuuliza hivyo kiangazi kilichopita, amesimama ndani ya nyumba yake mwenyewe, jua likimpiga utosini. Jiko la mtu lilikuwa limeungua mtaani, na Hemedi alikuwa ameamuru majani ya paa la Amisa yashushwe yote. Akamjibu bila kumtazama:

"Sheria haina shemeji."

Sheria ilikuwa yake. Mkubwa wa mji alimweka awe msimamizi wa moto pale Kasongo, akampa watumwa wanane na ngoe nane ndefu za kuvutia mapaa, zenye chuma kilichofuliwa Kabambare. Nyumba ikishika moto, ile inayoelekewa na upepo inavuliwa paa, moto ukose chakula. Na ngoe isiguse jani mpaka Hemedi aseme "vuteni". Kwa miaka mitano alikuwa ameshasema mara kumi na moja, na kila mara aliisikia sauti yake mwenyewe kuwa tamu. Ijumaa baada ya sala aliwapanga watu wake barazani, ngoe zimepakwa mawese, watu wapite wazione.

Mwaka huu Binti, mtoto wake wa kwanza, alikuwa anaolewa. Hemedi akaezeka nyumba upya, paa nene, refu, hata watu wa Nyangwe walisimama njiani kulitazama. Zilibaki siku tatu kabla ya harusi. Adhuhuri, kwa Sumaili, jirani yake mwingine, sufuria ya mawese ikashika moto jikoni, na upepo ulikuwa umeshaamka. Baada ya Sumaili ni Hemedi. Baada ya Hemedi ni Amisa, kisha nyumba arobaini zimebanana mpaka msikitini.

Ramazani, kiongozi wa wale wanane, alifika na ngoe begani.

"Mukubwa, upepo iko unakuja kwako. Tuvute?"

Hemedi akalowesha kidole, akakiinua juu. "Unakwenda mtoni," alisema, na moshi ukamwingia mdomoni.

"Mukubwa, unakohoa."

"Kifua changu cha zamani hiki. Muende muvute ya Amisa."

"Ya Amisa iko nyuma yako. Moto utaifikia namna gani kama haukupita kwako?"

"Wewe Ramazani, umekuwa msimamizi tangu lini?"

Wanane wakasimama, ngoe juu, kama siku ya Ijumaa. Mtumwa anayevuta paa la muungwana bila ruhusa anajua mgongo wake utaona nini. Cheche ya kwanza ikatua juu ya majani mapya; Hemedi akaitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwalika. Amisa alikuwa mlangoni pake, mikono kichwani. Hakuuliza kitu. Alikuwa ameshauliza.

Hapo Fatuma, mke wa Hemedi, akatoka ndani, msahafu kifuani, mkeka wa harusi kwapani. Akaviweka mbali na moto, akamnyang'anya Ramazani ngoe, akaikita kwenye paa.

"Vuteni," alisema. "Neno ni langu. Kama kuna mgongo wa kuchapwa, ni wangu."

Wakavuta. Moto ulipofika ukuta wa Hemedi haukupata cha kula, ukalamba udongo, ukalala. Ya Amisa ikasalimika, na mtaa mzima, na msikiti.

Kesho yake watu wakaja kutoa pole. Hemedi aliwapokea sebuleni, jua likiwapiga wote utosini. Alivaa kanzu mpya. Mkubwa wa mji alikuwa amemletea asubuhi ile kwa ajili ya uadilifu wake.

"Niliwaambia watu wangu, muanze na yangu," alisema. "Ramazani akalia machozi. Nikamwambia, sheria haina shemeji, na mwenyewe pia haimjui."

"Mashallah," walisema wageni.

Ramazani, aliyekuwa akipanga majani yaliyopona, akainama zaidi.

"Huyu mama Binti alinishika kanzu," Hemedi aliendelea. "Akasema, Baba Binti, harusi ya mtoto, tuachie paa. Nikakataa. Si ndivyo, mama Binti?"

Fatuma alikuwa anamimina kahawa. Alikijaza kikombe alichokianza, akakiweka mbele ya mume wake, hakumwaga hata tone.

"Ndivyo ulivyosema," alijibu.

Akachukua msahafu, akakunja mkeka wa harusi, akamshika Binti mkono. Wakapita katikati ya wageni, wakatoka kwenda kwa Amisa, kwenye nyumba yenye paa.