Ndevu za Majani ya Kinyozi

Siku kinyozi alipozikwa, waombolezaji waliporudi nyumbani waliwakuta samaki wake wamejibana kwenye kioo cha tangi lao, midomo wazi, kama wateja wanaogombea zamu. "Maskini, nao wamefiwa," akasema mama mmoja, akawatupia chakula. Aliyemfuata naye akatupia. Ikawa kila mgeni anatoa pole mara mbili: kwa mjane, kisha kwa tangi.

Mjane alikuwa fundi cherehani, watu wakimwita Mama Vifungo. Samaki hawakumshughulisha sana. Roho yake ilikuwa kwenye mimea ya mle majini, hasa ule wa katikati wenye majani mapana, ambao marehemu aliupanda mwaka waliooana. Marehemu aliupunguza kwa mkasi wa saluni, na alisema huyo ndiye mteja wake pekee asiyelalamika. Mama Vifungo akaapa kwamba mmea ule hautafia mikononi mwake.

Haukupita muda, majani yakaanza kubadilika. Kwanza utando wa kijani, unaoteleza kama sabuni. Kisha nyuzi nyeusi, fupi, zilizosimama. Mama Vifungo akavaa miwani, akasogea. Zilikuwa ndevu.

"Mmea wa kinyozi kuota ndevu!" akapiga kelele wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuja kumliwaza na hakuonyesha dalili ya kuondoka. "Wifi, hii ni aibu ya ukoo. Mwite shemeji yako!"

Shemeji, mdogo wa marehemu na mwenzake wa saluni, akaja na wembe, taulo begani. Akatumbukiza mkono hadi kwapani. Jani la kwanza likanyolewa, likakatika. La pili likabaki mshipa mtupu. Samaki mmoja mnene akamdonoa kidole.

"Shemeji, tulia basi!"

"Nitulie vipi, na mteja mwenyewe anaelea?"

Mama Vifungo akamnyang'anya wembe. Mmea ulikuwa umebaki na majani ya kuhesabika. "Jamani, mtaniulia."

Shemeji akaona haya. Akafuta mkono, akawatazama samaki. "Mbona wanene hivi? Wanakula nini?"

"Nawapa kidogo tu asubuhi," akasema Mama Vifungo.

Wifi akakohoa. "Asubuhi nawapa mimi."

"Ala!" akasema shemeji. "Na mimi kila nikipita nawarushia. Nilidhani hakuna anayewakumbuka."

Wakatazamana. Chini, juu ya changarawe, chakula kilikuwa kimelala kikioza, na ndevu zilikuwa zinashiba kuliko samaki.

"Na hii taa?" akauliza shemeji. "Kaka alikuwa akiizima mapema. Alisema mwanga ukizidi, utando unashangilia."

Mama Vifungo akashika ncha ya mtandio wake. "Sijaizima tangu tumzike. Kule alikolala ni giza. Nikasema angalau huku pawe na mwanga wake."

Wifi, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, akamshika bega.

"Wifi yangu, kaka alikuwa halali taa ikiwaka! Utotoni tulilala chumba kimoja. Nikiwasha nitafute kiatu, ananirushia kiatu chenyewe. Umemkosesha usingizi mtoto wa watu!"

Mama Vifungo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Kisha akanyoosha mkono, akazima.

Wakafyonza uchafu kwa mpira, wakabadilisha sehemu ya maji, wakayakata majani yasiyofaa tena. Mkebe wa chakula ukafungiwa kabatini, ufunguo akakaa nao Mama Vifungo peke yake.

Sasa mmea umetoa majani mapya, madogo kama kucha. Utando uliobaki wanaula konokono walionunuliwa sokoni, na wifi huwagombeza wakichelewa.