K ya Mheshimiwa

Barua ya tatu kutoka ofisi ya mbunge ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mheshimiwa ameusoma Mkataba na ameridhika nao."

Niliisoma nimesimama, nikamwambia binti yangu avae viatu twende. Akaniuliza viatu gani, maana mimba ilikuwa ya miezi minane na miguu imevimba.

"Hata ndala."

Mkataba wenyewe ni wa haki za wanawake. Serikali yetu iliutia saini binti yangu akiwa darasa la kwanza. Bunge halijauridhia mpaka leo, kwa hiyo ni karatasi tu. Kiwanda cha nguo kimemwachisha kazi kwa sababu ya tumbo, na sheria iliyopo inaruhusu. Mwanasheria wake hakuzunguka: Bunge likiridhia, kesi ina pa kusimama, lisiporidhia, kazi ndiyo imekwenda. Na orodha ya hoja za kikao hiki ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, saa sita mchana.

Katibu muhtasi alitupatia viti. "Mama, si mlijibiwa?"

"Tulijibiwa. Ndiyo maana tumekuja."

Mbunge akatoka ofisini kwake akifuta mdomo. "Mama zangu! Mkataba huo mimi nimeridhika nao mia kwa mia."

"Mheshimiwa, kuridhika ni kazi ya tumbo. Sisi tuliomba hoja ya kuridhia."

"Si yale yale?"

"Miaka ishirini na mbili nipo maabara, napima damu za watu. Nikiandika A pahali pa B, mgonjwa anazikwa. Hapo nako niseme si yale yale?"

Akamgeukia binti yangu, labda akitafuta mtu mpole. "Na huyu mwanetu?"

"Huyu ndiye kifungu cha ajira. Mtazame vizuri, maana kukisoma kumekushinda."

Katibu muhtasi akainamia droo, mabega yakimtikisika. Saa ya ukutani ilisema sita kasorobo. Mbunge akaanza habari za kamati, za mashauriano, za wakati mwafaka. Niliposikia "wakati mwafaka" nikataka kumrushia mkoba. Binti yangu ndiye aliyeinuka, polepole, akishikilia meza.

"Mheshimiwa, mwanangu anazaliwa mwezi ujao. Yeye hangoji kamati."

Mbunge akamtazama. Safari hii alimtazama kweli. Akaomba fomu ya hoja, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Bunge liridhike na Mkataba.*

Mungu wangu.

"K," nikasema. "Ondoa hiyo K. Na hiyo 'na' pia. Halafu weka saini pembeni, wasije wakasema nimekata mimi."

Akakata, akatia saini, jasho likimtoka puani.

Ofisi ya karani wa Bunge iko ng'ambo ya ua. Nilishika fomu mkono mmoja, binti mkono wa pili, ndala zake zikiburuzika chini. Tulimkuta karani ameshika funguo. Akasoma, akakunja uso penye mikwaruzo.

"Mama, hapa palikatwa nini?"

"Miaka ishirini ya kungoja. Gonga muhuri."

Akagonga. Nikamuuliza kura inapigwa lini.

"Jumanne, wabunge wakitimia."

Binti yangu alikuwa ameshaketi kwenye ngazi, anasugua vifundo. "Mama, usiniambie na Jumanne tunakuja."

Nilikuwa namuuliza karani mbunge wa jimbo jirani anakaa ofisi namba ngapi.