Ushujaa wa Kurithi

Levina Lipindi alistaafu ukunga akiwa na miguu inayovimba na hasira ambazo zenyewe zilikataa kustaafu. Kwa miaka miwili hasira hizo zilikuwa na kazi moja: kupambana na ofisi. Ofisi ya kwanza ilimwambia aandike barua. Alipoandika, akaambiwa siku hizi ni baruapepe. Alipotuma baruapepe, mhusika akawa amekwenda likizo ya uzazi na mwenzake hakujua neno la siri. Mwishowe akaachana nao. Akamkalisha binti yake Careen mbele ya kompyuta, wakaandika moja kwa moja Uingereza, kunakotunzwa majalada ya askari wa zamani.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu, nacho ni karatasi za babu yake, Theodori Lipindi, askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Mwingereza, aliyekwenda Burma kupigana na Wajapani na kurudi Michenga na nishani ya ushujaa. Nishani haikuhitaji kutafutwa. Ilikuwa kwa baba yake mdogo Faustino, mkulima wa mpunga kule Mchombe, aliyeiweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kuitoa kila alipopata wageni wa kutosha. Faustino ndiye aliyeamua kaburi la mzee lijengwe upya kwa vigae, lisimikwe jiwe lenye maneno "Shujaa wa Burma", padri aje alibariki, na Levina asome karatasi za Waingereza mbele ya watu.

"Wewe ndiye msomi wetu," alimwambia, na kwa mara ya kwanza maishani usomi wa Levina ukaonekana una faida katika ukoo ule.

Karatasi zilifika Jumatano, siku tatu kabla ya shughuli. Levina alizichapisha kwenye steshenari moja pale Ifakara, akazisoma akiwa amesimama kaunta. Ukurasa wa kwanza ulimfanya atamani kupiga vigelegele. Oktoba 1944, askari Theodori Lipindi, mwenye namba ileile iliyochongwa ukingoni mwa nishani, alirudi mara tatu kwenye risasi kuwatoa majeruhi wa kikosi chake. Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari minne. Theodori Lipindi aliuawa vitani tarehe 4 Desemba 1944, karibu na mto Chindwin. Kaburi lake halijulikani. Ameacha mke, Serafina, wa kijiji cha Michenga.

Serafina alikuwa bibi yake, hilo halikuwa na shaka. Lakini yule Theodori ambaye Levina alimjua, mzee wa kiko na kikohozi, alikufa kitandani mwaka 1979. Levina mwenyewe alimpelekea uji asubuhi ile. Sasa mtu aliyeuawa mwaka 1944 alimzaaje Faustino mwaka 1951?

Hakwenda hata nyumbani kubadili viatu. Alichukua bodaboda hadi Michenga, kwa Bibi Balbina, dada wa marehemu, mtu pekee aliyebaki wa rika lile. Bibi alikuwa na miaka tisini na tatu, na alikuwa anapepeta mchele kivulini mwa jiko lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema hivyo?"

Levina alimsomea ile mistari minne. Bibi Balbina aliendelea kupepeta.

"Ah. Hilo."

"Unalijua?"

"Nani wa rika langu asilijue? Barua ya kifo aliileta padri kabla ya masika. Tukalia, tukakaa matanga. Siku ya kuanua tukamrithisha mdogo wake, Marcelino. Tulimkalisha mkekani, tukamvisha shuka ya marehemu, tukampa jina. Tangu siku ile Marcelino hayupo. Yupo Theodori. Mke wake, mtoto wake, jembe lake."

"Na nishani?"

"Mwaka uliofuata akaja DC na orodha. DC mgeni, hata jua la huku lilikuwa halijamchoma sawasawa. Akaita, 'Theodori Lipindi!' Wewe ulitaka asimame nani?"

"Angesema, bibi! Angesema si yeye!"

"Aseme yeye si Theodori? Mbele ya mjane na mtoto? Angekuwa anamfukuza marehemu nyumbani kwake."

Levina akarukia jingine.

"Na zile hadithi? Nyama ya kopo, Mjapani juu ya mti, mto uliojaa damu? Nimekua nazo hizo!"

"Alisimuliwa na askari waliorudi. Mwanzoni alizisimulia kama habari za kaka yake. Pombe ikaingia, miaka ikapita. Kaka yake akatoka kwenye hadithi, akabaki yeye."

"Baba yangu anajua?"

Kwa mara ya kwanza ungo ulitulia. "Mtoto hupewa baba," alisema Bibi Balbina. "Haambiwi kwamba kulikuwa na mwingine."

Hapo ndipo hasira ya Levina ilipopata pa kukaa. Baba yake, Sylvanus, fundi cherehani, alizaliwa Februari 1944. Alikuwa na miaka kumi na sita kiboko alipopindua mtumbwi wa rafiki yake kwenye mto Kilombero, na tangu siku hiyo akakataa kuvua. Yule mzee alimchapa kwa mkanda wa jeshi mbele ya wavuvi wote. "Damu yangu haiogopi maji!" alimwambia. "Wewe sijui umetoka wapi!" Maneno hayo Michenga nzima iliyajua, na watoto waliyafanya wimbo. Sylvanus alihamia Ifakara, akajifunza kushona, na kwa miaka zaidi ya sitini aliinamisha kichwa kila yalipotajwa mambo ya ushujaa, kama mtu aliyeshindwa mtihani.

Sijui ametoka wapi! Mwongo mkubwa. Alijua fika alikotoka. Kurithi jina ni desturi, na Levina aliiheshimu. Yeye mwenyewe alibeba jina la bibi mzaa mama. Jina livae, mjane mtunze, jembe lishike, hakuna atakayekulaumu. Lakini desturi gani ilimtuma mtu aliyebaki nyumbani akila wali wake amchape yatima wa shujaa kwa kukosa ushujaa? Levina aliisema sentensi hiyo kwa sauti juu ya bodaboda, hadi dereva akageuka kuuliza kama kuna tatizo.

Jioni alimpigia Faustino.

"Soma ukurasa wa kwanza tu," alisema Faustino, kabla hata Levina hajamaliza kueleza.

"Kumbe na wewe unajua!"

"Mama aliniambia kabla hajafa. Levina mwanangu, usimwage mtama kwenye kuku wengi. Padri anakuja, diwani anakuja, ng'ombe nimeshanunua kwa mfugaji Shilinde. Baba yako ana miaka themanini na moja. Mwache afe na baba yake."

"Baba yake yupi?"

"Ukisoma huo wa pili, usinihesabu kuwa baba yako mdogo."

"La kuvunda halina ubani," alisema Levina, akakata simu.

Lakini kusema kwenye simu ni rahisi. Ijumaa alikwenda kwa baba yake na karatasi ndani ya mkoba. Sylvanus alikuwa amejishonea suti ya kijivu kwa ajili ya kaburi la mtu yule, na alikuwa anaipiga pasi kwa uangalifu. Levina aliwahi kuwaambia wanawake wengi kwamba mtoto hakupona. Siku hiyo alikunywa chai, akasifu suti, akaondoka, akijichukia njia nzima.

Jumamosi watu walijaa. Vigae viling'aa, jiwe likafunikwa kitambaa cheupe, Faustino akabandika nishani kifuani pake mwenyewe. Levina alisoma ukurasa wa kwanza kwenye kipaza sauti, Careen akitafsiri palipohitajika. Vigelegele vilipigwa. Sylvanus, aliyekaa mstari wa mbele, aliinamisha kichwa kama kawaida yake.

Faustino akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Levina hakukiachia.

"Mama Careen, endelea," alisema Sylvanus. Sauti yake haikuwa kubwa. "Naona karatasi nyingine mkononi."

"Hiyo ni ya ofisini tu, kaka," alisema Faustino.

"Sikukuuliza wewe."

Levina alisoma mistari minne. Aliisoma polepole, kwa Kiswahili, hadi jina la bibi yake. Alipomaliza hakuna aliyepiga kigelegele. Wazee wachache walitazama chini, na kwa kutazama chini kule Levina akajua kila mmoja aliyekuwa akijua, na akawachukia mmoja mmoja.

"Ni mambo ya mila, ndugu zangu!" Faustino alipaza sauti. "Mzee alirithishwa! Hakuiba kitu!"

Sylvanus alisimama. Akamgeukia Bibi Balbina aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya padri.

"Shangazi. Baba alipouawa, mimi nilikuwa na miezi mingapi?"

"Kumi," alisema Bibi Balbina.

"Na ule mkanda wa jeshi? Ule wa ngozi, wenye bizimu ya shaba. Ulitoka wapi?"

Bibi alitazama pembeni.

"Uliletwa na mizigo ya marehemu," alisema.

Sylvanus aliinua mkono, akaupeleka nyuma ya bega la kushoto, akajipapasa juu ya suti mpya, mahali ambapo Levina alijua tangu utotoni kuwa pana makovu manne.

"Alinichapa kwa mkanda wa baba yangu," alisema.

Kisha akaliendea jiwe, akakivuta kitambaa, akasoma jina la Theodori lililochongwa pale. Akamtazama Faustino.

"Futeni hilo. Andikeni Marcelino."