Kelele za Pampu na Sambaza za Mchana

Pampu inayovutia maji ya ziwa kiwanda chetu cha sabuni, pale ufukoni hapa Bukavu, ilianza kupiga kelele kama mtu anayesaga changarawe. Miaka kumi na tisa mimi ndiye fundi wake, na sijawahi kuona haya namna ile.

"Gracien, hii pompe iko naniua kichwa," alisema Maman Martine, mkurugenzi. "Kama haikunyamaza mbele ya samedi, nitaita technicien wa Goma. We utaenda kulima Nyantende."

Jumamosi aje fundi wa Goma! Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nikabadilisha rulema, zile beringi zake, maana zikichakaa pampu hulia. Nikatia vipande vya tairi chini ya miguu yake isitetemeke. Ikazidi kunguruma.

Ijumaa nikakaa nayo tangu asubuhi, nimenuna. Saa tano na nusu ikanyamaza yenyewe. Dakika kumi, kimya kitamu. Kisha kelele zikarudi, na papo hapo mlinzi wetu, Papa Déogratias, akapita na ndoo inayodondosha maji, akitoka ziwani kuelekea jikoni, anaimba.

Wiki tatu hizo za kelele, chakula chetu cha mchana kilikuwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wamekaangwa hadi wanavunjika mdomoni. Hata mkurugenzi aliacha kwenda kula kwake. Mimi niliongezwa kila siku, wala sikuuliza wanatoka wapi.

Siku hiyo niliuliza. Nikaingia majini, nikafuata bomba hadi mwisho. Kichujio kilikuwa kimefungwa chandarua.

"Papa Déo! Hii ni nini?"

"Mustikeri, chef. Pompe iko navuta maji, sambaza iko nafwata. Miye minakamata tu."

Akikimwaga chandarua pampu inapumua dakika kumi; kikijaa tena samaki, maji hayapiti. Pampu inabaki na njaa, inajaa mapovu, na mapovu yanapasuka tumboni mwake. Kumbe adui yangu nilikuwa namla kila mchana, tena kwa pilipili! Nikakata kamba. Pampu ikatulia.

Jumamosi Maman Martine alinipa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Kichwa kikanivimba.

Jumatatu tulikula maharage. Jumanne maharage. Jumatano mkurugenzi akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Gracien," alisema polepole, "ile makelele... ilikuwa mubaya sana kweli?"