Mkwaju Uliobaki Lindoni

Asubuhi lori la maji la bustani ya umma lilipita mbele ya lango bila kupunguza mwendo, kama kawaida yake, likaelekea nyumbani kwa mkurugenzi wa bustani, mtaa wa Juba Na Bari. Ubavuni limeandikwa MALI YA BUSTANI kwa rangi ya kijani. Natalina, mtunza bustani, aliweka ufagio chini akafungua lango ili miti itoke.

Miarobaini ilitangulia, maana haina subira, ikafuatwa na mikangazi ikiburuta mizizi juu ya changarawe. Waendesha boda boda waliokuwa wakipeleka abiria soko la Konyo Konyo walisimama pembeni wakalalamikia vumbi. Miti ilifika kwa mkurugenzi, ikasimama kwenye ua wake, ikanywa maji yake. Jioni ilirudi, kila mmoja katika shimo lake.

Mkwaju peke yake haukwenda. Ulikuwa mzee, na mizizi yake ilikuwa imekumbatia mwamba. Kiangazi hicho majani yake yote yalipukutika.

Adhuhuri moja mkurugenzi alikuja na vigingi vya kupimia ardhi.

"Natalina, unaona miti hapa?"

"Imeenda kwako kunywa, mkubwa."

"Sijauliza imeenda wapi. Bustani isiyo na mti ni kiwanja tu, na viwanja vina wenyewe wanaongoja."

Natalina aliuonyesha mkwaju kwa kidevu. "Na huo?"

"Huo umekufa."

"Bado."

"Basi ukikauka kabisa nitarudi." Akaviacha vigingi langoni, asije akavibeba mara mbili.

Natalina alikulia Nakuru, ambako kila mwenye nyumba aliwahi kuiambia familia yake ihame. Alirudi Juba akiwa amechoka kuhama, na sasa alikuwa na hasira. Kesho yake alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, mpaka lori likafunga breki. Dereva wake, Edrine wa Kampala, alitoa kichwa dirishani.

"Mama, toka njiani. Mimi iko dereva tu. Mkubwa nasema peleka kwake, mimi napeleka."

"Hata ndoo moja, Edrine?"

"Mafi, mama, hakuna ndoo. Malesh, samahani." Na kweli alionekana kusikitika, lakini alimzunguka kwa lori akapita.

Sasa, Juba hakuna harusi bila picha za bustanini. Kila Jumamosi misafara huja ikipiga honi tangu kanisani. Jumamosi hiyo Natalina alilifunga lango na kutoa sharti: hakuna picha mpaka kila mgeni ateke jerikeni ya maji mtoni na kuimwaga kwenye mkwaju.

"Sisi tumekuja kwa picha, si kwa kibarua," alisema mpambe mmoja.

"Basi nendeni mkapige kwa mkurugenzi. Miti yote iko huko."

Walinung'unika, wakavua makoti. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, ingawa wao hawakuwahi kuteka maji kwa viatu vya harusi. Bibi harusi aliyeitwa Adeng alimwaga jerikeni mbili, ya pili kwa ubishi tu. Jioni miarobaini iliporudi ilikuwa imebeba maji katika majani yake, ikayakung'utia shinani pa mkwaju bila kuombwa.

Mkurugenzi aliporudi baada ya Jumamosi chache, mkwaju ulikuwa umechipua tawi moja, upande wa barabarani. Aliuzunguka, akalikwaruza gome kwa kucha. Chini yake palikuwa na kijani.

"Kiangazi bado ni kirefu," alisema. "Na kingine kitakuja. Utamwagilia mpaka lini?"

"Mpaka watu wa Juba waache kuoana," alisema Natalina. "Na hata vita havikuwaachisha."

Mkurugenzi aliingia garini akarudi nyumbani kuoga. Lori lilikuwa limeshafika.