Maji Kupitia Upau wa Fomula

Jumatatu asubuhi, chai ya ofisini ikiwa bado haijachemka, Bi Mgao alifungua jedwali la wiki kwenye kompyuta yake. Jina hilo walimpa wenzake kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga mgao wa maji wa mji mzima: mtaa upi ufunguliwe siku gani, na kwa saa ngapi. Kila mtaa ulikuwa na kisanduku chake chenye namba. Kisanduku cha mtaa wa bondeni kilikuwa na sifuri. Aliikuta hiyo sifuri alipoajiriwa, akaizoea kama mtu anavyozoea ufa wa ukutani.

Siku hiyo mkono ulimteleza, akakibofya. Juu ya jedwali, kwenye ule upau mrefu mweupe unaoonyesha namba imepatikanaje, hapakuwa na fomula. Palikuwa na shangazi yake.

Shangazi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mbele ya bomba kavu, na wanawake wengine nyuma yake. Kwa vile upau ni mwembamba, alionekana kuanzia nyusi hadi kidevu tu. Bi Mgao akauvuta ukingo wa upau chini kidogo, na mikono ya shangazi nayo ikaonekana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko ofisini hamli?"

"Tunakula, shangazi. Nyinyi hamjambo?"

"Hatujambo, tunasubiri." Shangazi akachungulia mezani kwa Bi Mgao. "Hayo kwenye chupa ni maji?"

Yalikuwa maji. Bi Mgao akafungua chupa na kuyamimina kwenye upau polepole, kama anayejaza mafuta kwenye taa. Kibodi haikupata hata tone. Upande wa pili shangazi aligeuza ndoo, akakinga, akaonja kwa kiganja.

"Matamu," akasema. "Ila yana harufu ya zulia."

Ndoo ilipoondoka kwenda nyumbani, picha ikafifia na fomula ikajitokeza mahali pake, imeandikwa kwa maneno mepesi: maji yote, toa ya mitaa ya mlimani, toa ya bustani, toa ya bwawa la kuogelea la wageni, bondeni wapewe kitakachobaki. Bi Mgao akaifuta, akaandika sita, yaani saa sita za maji, akabonyeza enta. Sita ikakaa kidogo, ikajikunja kama jani kavu, ikawa sifuri tena.

Akamwita bosi. Bosi alikuja na kikombe chake, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho. Kufikia hapo shangazi alikuwa amerudi na ndoo nyingine, na bosi, mtu wa adabu zake, akamwamkia.

"Kisanduku hiki kimefungwa," akamwambia Bi Mgao. "Neno la siri alikuwa nalo aliyekuwepo kabla yangu."

"Lakini bosi, hawa wanakaa bila maji."

"Naona. Ila fomula haina kosa. Inatoa vizuri kabisa."

Akamimina chai yake iliyobaki kwenye upau, akaomba radhi kwamba haina sukari, akarudi chumbani kwake.

Tangu hapo kila mtu aliyepita pale alikuja na chochote. Wa masijala walileta chupa, mpokea wageni akaleta birika, dereva akapandisha madumu kutoka kwenye gari. Dumu lilihitaji kuinamishwa upande, la sivyo lilikwama kwenye kona ya upau. Fundi wa kompyuta aliwashauri wasiizime na kuiwasha mashine wakati maji yanapita. Mchana jua la bondeni lilipenya kwenye upau na kucheza darini kama mawimbi, na watu walifanya kazi kimyakimya chini yake, wengine wamevua viatu.

Mwisho wa mwezi bosi aliripoti kwamba bondeni wanapata maji.

Siku chache baadaye shangazi alitokea kwenye upau, nyuma yake mtaro mrefu umechimbwa.

"Wamekuja kung'oa bomba," akasema. "Vijana wazuri, wamesalimia kila mlango. Wanasema halina kazi tena."

"Nani kawatuma?"

"Wanasema agizo limetoka kwenye jedwali lako, mwanangu. Nikawaambia, basi kama ni la mwanangu, ng'oeni."

Bi Mgao alishika dumu la dereva kwa mikono miwili, akaliinamisha. Maji yalishuka muda mrefu mpaka ndoo ya shangazi ikajaa.

"Kesho uwahi," shangazi akasema, akijitwika. "Huku watu huamka na kiu."

Bi Mgao akasema atawahi. Kisha akafuta meza, akahifadhi jedwali na sifuri yake, akalituma kwa wafungua maji.